Ushindi Nilioupata Dhidi ya Baba Mdogo

Nakumbuka vizuri Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, theluji ya Hjulsta, kitongoji chetu cha kaskazini mwa jiji, imeshageuka tope, na mimi nimesimama mbele ya mkutano wa chama chetu cha Waswahili, katiba mkononi. (Naam, nakuita mwanangu. Nina miaka ishirini na tisa tu, lakini mtoto wa kaka ni mtoto wa shangazi, na hilo ni miongoni mwa mambo machache ambayo sijawahi kuyadaia ushahidi.)

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Flemingsberg, nikisoma historia. Kila nilichoambiwa nilikihoji: nani kasema, kwani alikuwepo? Ugonjwa huo na wewe unao, nimeuona, wala sikuja kukutibu. Kuuliza si ujinga. Ila yapo maswali ambayo anayeulizwa huyajibu kwa kuchukua koti lake.

Mkutano ulikuwa na ajenda moja: darasa la Kiswahili la watoto libaki Hjulsta au lihamie Jordbro, upande wa kusini. Utacheka, lakini watu walikuwa wamegawanyika kweli. Sisi wa kaskazini tulikuwa na babu yako, yaani baba yangu. Wa kusini walikuwa na mdogo wake, baba mdogo, anayekaa Jordbro. Ndugu wa tumbo moja, kila mmoja upande wake wa ukumbi, na watu wake nyuma.

"Nyie mnakaa mwisho wa reli, mtoto akisinzia kidogo tu anafika karakana ya treni!" wakatania wa kusini.

"Na nyie mnakaa na maghala. Watoto wakafundishwe na maboksi?"

Hesabu ya kura ilikaribiana mno. Mimi nilikuwa katibu, nikaona upenyo. Katiba ilisema mpiga kura lazima ajiandikishe upya kila mwaka, na baba mdogo hakuwa amejiandikisha. Alisimama akasema kwa upole, "Mwanangu, chama hiki tulikianzishia jikoni kwangu."

"Kuna ushahidi wa maandishi?" nikamuuliza.

Nami, badala ya kuishia hapo, nikaongeza kwa Kiswidi, ili vijana wenzangu wanisikie, kwamba masimulizi ya jikoni si nyaraka. Wakacheka. Baba mdogo akachukua koti lake, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, akatoka. Watu wake wanne wakamfuata. Tukashinda. Babu yako hakunipongeza. Alibaki akiutazama mlango.

Baba mdogo huyo ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na miaka sita, akanivua kandambili, akanivalisha buti alizoazima kwa jirani. Wiki zikapita bila neno lake. Kila Jumapili alikuwa akimpigia babu yako simu. Jumapili hizo zikawa kimya. Babu yako hakuwa na ndugu mwingine nchi hii, na alianza kula bila kuzungumza. Nikajiambia, sheria ni sheria.

Wakati huohuo nilikuwa naandika insha juu ya vita vya samurai. Jioni moja Papa Deo alinikuta kwenye treni. Ni Mkongo wa Bukavu, mjumbe wa chama, aliyekuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini pale Flemingsberg.

"Mama, unasomaka nini?"

Nikamweleza kwa majivuno. Karibu miaka mia tisa iliyopita, katika mji mkuu wa Japani, mfalme aligombana na kaka yake aliyeshaachia kiti. Koo za wapiganaji zikapasuka katikati. Katika ukoo mmoja, baba mzee alikwenda upande wa huyo kaka na wanawe wengi. Mwanawe mkubwa akaenda upande wa mfalme. Huyo mtoto na wenzake wakashambulia kabla hakujapambazuka, jumba likachomwa moto, na kulipokucha vita vimekwisha. Nikamtahadharisha Papa Deo asiziamini sana idadi za wapiganaji, na kwamba yale majigambo marefu ya wapiganaji wakiwa wamepanda farasi huenda yalitiwa chumvi na wasimulizi.

"Bon, sawa. Na ule baba?"

"Mfalme alimwamuru mtoto amuue. Mtoto akamwombea, akataja na ushindi wake. Wakamkatalia. Akatii. Wadogo zake nao wakauawa."

"Lakini alishinda."

"Alishinda."

"Halafu akarudi nyumbani kwa nani?"

Jibu nilikuwa nalo, tena nimelipigia mstari: miaka michache baadaye mshindi huyo aliasi, akashindwa, akafa akikimbia. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi juu ya ukoo unaojimaliza wenyewe, na sikuwa nimeuona wangu.

"Vita ya Wajapani unaijua sana," alisema Papa Deo, akijiandaa kushuka. "Ya kwenu, hapana?"

Wahenga husema, ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi niliacha jembe, nikasimama katikati yao na katiba.

Kwetu mtoto haendi kuomba radhi peke yake. Huongozana na mtu mzima. Papa Deo alitoa siku yake ya mapumziko, tukaenda Jordbro. Baba mdogo akafungua mlango, akatutazama.

"Mmejiandikisha?"

Papa Deo alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikapiga goti palepale penye viatu vilivyolowa. "Baba, nimekukosea. Nilitaka wenzangu wacheke."

"Kwenye katiba ulikuwa sahihi," alisema. "Ndiyo maana iliuma. Haya inuka, unalowesha suruali."

Jioni ileile akampigia babu yako, wakabishana juu ya mpira zaidi ya nusu saa, na babu yako akaongeza wali mara mbili. Darasa lilibaki Hjulsta. Baba mdogo hajajiandikisha tena mpaka leo, na simlaumu. Lakini Pasaka hajawahi kukosa, hata wewe unamjua kwa kumaliza pilau.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Hoji kila kitu, hata haya ninayokuandikia. Ila kabla hujauliza, jikague: unataka kujua, au unataka kumwona mtu akiaibika? La kwanza ni elimu. La pili ni vita, na katika vita vya ukoo mshindi hufiwa na watu walewale anaofiwa nao mshindwa. Kama ushindi hauji mpaka umfanye mzee wako mgeni katika nyumba aliyoijenga, kubali kushindwa. Na ukiwa umeshakosea, usingoje kosa lisahaulike, nenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Akili yako iwe upanga, na moyo wako uwe ala yake. Mungu, ambaye bado nina maswali mengi naye, akutangulie unapokwenda na akulaze salama unaporudi. Amina.