Nilitumwa Bangkok kumchunguza dada yangu kwenye mahekalu, nikanaswa mimi

Wakuu, salamu kutoka Eastlands, Nairobi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mama yangu bado yuko hai, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni mchongaji wa mbao, karakana yangu iko Gikomba. Miaka arobaini na kitu. Nimehama mitaa sita, kutoka Kaloleni nilikozaliwa hadi Fedha ninakokaa sasa, na kila nikihama naanza kuukumbuka ule niliotoka. Mtu wa aina hii ukimwambia kuna safari, haulizi ya wapi.

Dada yangu mdogo, Mwende, anafundisha Kiingereza Bangkok. Huko akapata mchumba, Mthai anayeitwa Lek.

Mama ni mtu wa kanisa; alipoona picha ya Lek mbele ya sanamu ya dhahabu, alikata mawasiliano. Mwaka na nusu hakuongea na Mwende.

Kwetu Ukambani hakuna ndoa bila ntheo. Upande wa mume walete mbuzi, mbuzi wapokelewe, ndipo binti ahesabike ameolewa. Lek alikuwa tayari. Mama akakataa mpaka ajue jambo moja: je, Mwende anapigia sanamu magoti?

"Nenda wewe," akaniambia. "Macho unayo, na hiyo miguu haijawahi kutulia. Akiwa hajainama, nitapokea mbuzi. Ukinidanganya, Mungu anakuona."

Hapa nisimame kidogo. Mama huyu alitusomesha sote kwa sanamu. Marehemu baba alichonga twiga na ndovu mpaka vidole vikapinda. Lakini hizo zilikuwa za watalii. Nadhani watalii wana mbingu yao.

Nikaenda.

Siku ya kwanza Lek alitupeleka hekalu la Wabudha. Viatu vinaachwa nje. Mtu wa Gikomba, soko ambalo kiatu kikiachwa kinauzwa, aache viatu mlangoni na aondoke! Nilivitia kwenye mkoba, nikaukumbatia kama mtoto mgonjwa.

Ndani kuna Buddha amelala ubavu, mrefu kama ploti nzima ya mtaa wa Umoja, ametulia kama landlord asiye na mpangaji msumbufu. Lek akapiga magoti. Mwende alibaki wima kando ya nguzo, mikono nyuma.

Nilimwangalia sana.

"Mbona unaniangalia magoti?" akaniuliza.

"Nimetumwa."

"Najua umetumwa. Basi andika: yako mawili, yamenyooka."

Hekalu la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Nikaona kazi imekwisha, nifurahie mji.

Siku ya nne tukaenda kwa mungu wa Kihindu mwenye nyuso nne, pembeni ya barabara kubwa, mall iko hapo karibu. Ajabu ni kwamba wengi wanaomwomba ni Wabudha, na hakuna anayemuuliza mwenzake swali. Kwetu makanisa mawili yenye Biblia moja hupakana ukuta, yakashindana kwa spika.

Sasa hapo, mtu akijibiwa maombi yake huweza kuleta ndovu wa mbao kama shukrani. Nikawaona wamepangwa, wakubwa kwa wadogo.

Wakuu, ndovu ndiyo kazi yangu.

Mchongaji haangalii ndovu usoni. Uso hata mwanagenzi hupamba. Huangalia tumboni, katikati ya miguu, kwa sababu hapo ndipo sisi huficha ufa: unajaza vumbi la mbao na gundi, unapitisha rangi ya viatu, mteja anasafiri nao hadi kwao.

Nikampa Mwende mkoba, nikapiga magoti. Tumbo halionekani. Nikaweka viganja chini. Bado. Nikainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Ufa hakuna! Nilikaa pale chini nikitikisa kichwa kwa heshima ya fundi mwenzangu.

Nilipoinuka, Lek alikuwa ameshika simu, machozi yakimlengalenga. Mwende alikuwa amemwingiza kwenye group ya familia ili mama amzoee. Picha ilikuwa imeshafika, na maneno yaliyotafsiriwa na simu yake: "Kaka mkubwa anasali. Heshima sana."

Mwende akashika kichwa. "Musyoka, umeniua. Mbuzi ndio wamekwenda hivyo."

Mama alipiga kabla sijafuta vumbi.

"Ni nani huyo kwenye picha?"

"Ni mimi, mama. Nilikuwa naangalia tumbo la ndovu."

"Tumbo la ndovu."

"Ndiyo, mama. Kama kuna ufa."

Nikamsikia akimwambia jirani aikuze ile picha.

"Na huyu nyuma yako, amesimama wima kama mlingoti, na mkoba wako mkononi?"

"Ni Mwende."

"Siku zote husimama hivyo?"

"Siku zote, mama. Mahekalu yote."

Akavuta pumzi. "Ungeniambia kwa mdomo nisingeamini. Mtu na dadake hufichana. Mpe simu."

Waliongea Kikamba kwa muda mrefu. Mwende aligeukia ukuta, akifuta machozi. Lek akaniuliza kwa macho kama amekosea. Nikamwambia aanze kutafuta mbuzi.

Ntheo ilifanyika Machakos na mama ndiye aliyewapokea mbuzi. Ila kanisani kwetu picha ilifika kabla yangu. Wazee walinisikiliza habari za ufa kwa adabu sana, kisha wakanisimamisha ushirika miezi mitatu, nikae benchi la nyuma. Hata siku ya ntheo sikuruhusiwa kuombea chakula.

Lek alipoelezwa kwa nini nimekaa kando, alikuja mbele ya wazee wote, akaunganisha viganja, akaniinamia mpaka karibu magotini. Wazee wakakohoa.

Mama akamshika bega. "Inuka, mwanangu, chakula kinapoa."

Kwa mara ya kwanza alimwita mwanangu. Mimi aliniambia nisogee, nimekaa njiani.

Funzo nililopata: ukitumwa kuangalia magoti ya mtu, ufundi wako uache nyumbani. Na mkiona mtu ameinama, muulizeni kwanza anatafuta nini huko chini.

Wenzangu wa benchi la nyuma, nanyi mlifikaje huko? Semeni, nafasi ipo.