Mzee Aliyeleta Fimbo ya Breki

Sinywi pombe, sijawahi kunywa, na mke wangu ni shahidi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ninaposimulia jambo hili lazima mtu aniulize siku ile nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai. Usiponiamini sitagombana na wewe, lakini bega langu la kushoto liliunga vibaya, na yaliyolivunja ndiyo haya.

Mimi ni mkulima wa Tumati. Nina vitunguu saumu kidogo na ng'ombe watatu wa maziwa. Mwaka juzi nilinunua pikipiki kuukuu kwa mama mmoja mwenye duka kule Katesh. Nitamwita Mama Zuhura. Ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya duka, kuku wanalala juu ya tanki. Ni zile za zamani, za chuma kizito. Nilitaka kuijenga upya mwenyewe nyumbani: niinyanyue kidogo, niifungie usukani mpana, nichomelee keria ndefu ya kubebea madumu ya maziwa. Sikuuliza kwa nini ilikuwa imesimama miaka yote hiyo. Ungekuwa wewe ungeuliza?

Niliifungua yote nyuma ya jiko, nikapanga vyuma juu ya magunia. Kabureta ilikuwa imejaa tope. Fimbo ya breki ya nyuma, ile inayotoka kwenye pedeli mpaka kwenye gurudumu, haikuwepo kabisa.

Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, ukungu umeshashuka mpaka kwenye migomba, akatokea mzee. Koti la kahawia, kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

Hakuitikia. Kwetu shikamoo haiachwi hewani, hata kama mmegombana. Yeye alichuchumaa tu, akaweka kiganja juu ya injini.

"Plagi ni nzima," akasema. "Waya umekatika ndani ya mpira."

Nikachana mpira. Umekatika kweli.

Tangu hapo akawa anakuja kila jioni, saa ile ile. Mke wangu akampelekea chai, akamwamkia kwa heshima, akarudi jikoni haraka.

"Baba Neema, huyo mzee ni wa nani?"

"Ni fundi wa zamani, nadhani."

"Fundi gani asiyeitikia shikamoo? Na chai haigusi."

Nikamwambia aache maneno. Lakini ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa situlii. Naacha palizi katikati ya tuta nakwenda kuitazama ile pikipiki. Nakaa kula, mkono unatafuta spana. Ikifika saa kumi tayari natazama njia, na sijui kama namngoja au naomba asije.

Tena kila nilichotaka kubadilisha alikikataa. Usukani mpya nilishaununua. "Rudisha ule," akasema. Nikarudisha. Keria nilishaikatia vyuma. "Hapo anakaa mtu, si madumu," akasema. Nikaviweka chini. Kwa nini nilimtii? Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Jioni ya mwisho alikuja na kitu kimefungwa kwenye gunia. Ilikuwa fimbo ya breki. "Funga hii." Ikaingia mahali pake bila kulazimishwa, nati ikakaza kwa vidole tu. Mzee akarudi hatua mbili, akaitazama pikipiki muda mrefu.

"Sasa iko kama siku ile," akasema.

"Siku gani mzee?"

"Ijaribu."

Nikaipiga teke moja tu, ikawaka. Mke wangu akatoka jikoni, mikono ina unga. "Usiende na ukungu huu!" Nilimsikia vizuri kabisa, na nikaondoka.

Nilipoanza kushuka mteremko wa kwenda Masieda, siti ya nyuma ikadidimia. Wewe uliyewahi kubeba abiria unajua ninachosema: pikipiki inakaa chini, usukani unakuwa mwepesi. Kisha nikahisi mikono kiunoni. Sikugeuka. Nisingeweza.

"Gia ya tatu," sauti yake ikasema sikioni. "Usikimbize. Mimi sikukimbiza."

Kona ikatokea kwenye ukungu. Nikakanyaga breki. Tak! Pedeli ikaanguka chini, haishiki kitu. Nikabana ya mbele, gurudumu likateleza kwenye tope.

"Umeona?" akasema, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa analia. "Umeona? Si mimi."

Nikaiangusha kwenye ukingo wa udongo. Upande wa pili wa kona ni bonde.

Waliokuja kuniokota walinikuta peke yangu, fimbo ya breki imekatika vipande viwili. Lakini mke wangu aliponivua shati aliliona: limekunjamana kiunoni pande zote mbili, kama limeshikwa kwa ngumi.

Bega lilipoanza kutulia nilipanda basi kwenda Katesh na vile vipande viwili vya fimbo. Nikamwamkia Mama Zuhura, nikaviweka juu ya meza ya duka, nikamweleza habari za mzee yule na kofia yake. Alikaa chini juu ya gunia la sukari.

"Ni mume wangu," akasema. "Alianguka nayo akiwa amembeba binti yetu wa mwisho. Wote wawili. Watu walisema alikuwa anakimbiza, na mimi nikasema nao. Nililisema msibani, mbele ya ndugu zake."

"Na fimbo?"

"Hivi vipande niliviokota pale alipoanguka. Nikavitupa chooni ili nisivione. Mwanangu, nilijua breki ilikatika. Lakini nilitaka awepo wa kulaumiwa."

Alikwenda kaburini siku ile ile, na mimi nikamsindikiza mpaka getini. Alichomwambia mumewe sikukisikia.

Mzee hajarudi kwangu. Pikipiki niliikata vipande kwa mkono wangu, sikumuuzia mtu. Lakini utulivu sijaupata. Nikipanda ya mtu mwingine nashuka kila mteremko kwa miguu, naikokota, na watu wananicheka. Kwa sababu nakumbuka lile bonde, na najua yule mzee hakunichukia hata kidogo. Alihitaji mtu wa kuona tu, na ningeweza kufa kwa kuona.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayependa vyombo vya zamani: kabla hujatoa hela, uliza nani alikipanda mara ya mwisho, na yuko wapi. Mwenye nacho akinyamaza, muage kwa heshima, uende zako kwa miguu.