Bakia

Kaaha wa mtaa wa Iftin alichoka kabla uzee haujamfikia, na sioni haya kusema kwamba alijichosha mwenyewe. Miaka ya tisini nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Aliuza maziwa ya ngamia. Mpwa wake Anab aliyakusanya kule Bura, pikapu ikayaleta Garissa, nalo basi la mchana likayapeleka Nairobi kwa mteja mmoja mkubwa, Rukiyo.

Kila mtungi lazima aunuse Kaaha. Anab alizaliwa zizini, pua yake haikosei, lakini hata kifuniko hakikufungwa bila amri. "Hapa mwenye kufikiri ni mimi," Kaaha alisema. Basi akawa wa Bura na kurudi, siku sita kwa wiki, macho mekundu kwa vumbi. Nilimwambia kidole kimoja hakivunji chawa. Akaniuliza kama nimewahi kuuza hata kikombe kimoja cha maziwa.

Mwaka wa tisini na sita malaria ikamlaza. Wiki hiyo hiyo Rukiyo alikuwa ameonya kwamba maziwa yakichelewa tena, atanunua ya Isiolo. Kaaha akajikokota, mimi nimemshika mkono, hadi kwenye taar, ile redio ya upepo, amwagize Muthengi, dereva mpya kutoka Mwingi, aliyekuwa Bura pamoja na Anab.

"Muthengi! Bakia maziwa yote hapo! Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alitaka kusema pakia; kwa Kisomali chake, p ikianza neno humtoka b. Sisi tuliozoea ulimi wake tungeelewa. Muthengi, wiki yake ya pili kazini, aliambiwa abakie, naye akabakia kivulini na mitungi yake. Basi likaondoka bila maziwa. Pikapu ilifika kesho yake, Anab ndani, maziwa yameganda.

"Kwa nini hukuuliza?" Kaaha alilia.

"Juzi niliuliza, Mama. Ulisema niendeshe gari tu, hiyo ingine si kazi yangu."

Akamgeukia mpwa wake. "Na wewe? Ulikuwa hapo kwa redio. Ulijua nimesema nini."

"Nilijua, eeddo," Anab alimjibu shangazi yake.

"Ukanyamaza?"

"Sikuambiwa niseme."

Jioni Rukiyo akatuma neno kwamba amepata watu wa Isiolo. Nilingoja Kaaha afoke kama kawaida yake. Hakufoka. Alilala akitazama mabati, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia kweli.

"Anab," akasema, "bado kuna hoteli za hapa mjini. Kesho nenda na Muthengi, nunua, nusa, uza. Amua wewe. Wallahi mimi nimechoka."

Nikafurahi. Nikasema, afadhali, hata kwa kuchelewa.

Kesho yake saa nne, jua limeshakuwa kali, nilimkuta Anab amekaa mlangoni, mitungi mitupu miguuni pake. Muthengi alikuwa kwenye usukani, injini imezimwa.

"Mbona hamjaenda?"

"Tunamngoja eeddo aamke," Anab alinijibu, "atuambie twende."