Rangi Aliyochagua Shosho

Wenzangu tuliolelewa kwenye baridi ya Nyeri, tukienda shule na sweta za kufumwa na magoti yaliyopauka, mtakumbuka kwamba gari siku zile lilikuwa mtu wa familia. Letu liliamka vibaya. Baba alilimwagia maji moto ya birika, akalibembeleza, halafu sisi watoto tukalisukuma kuteremka kuelekea Majengo mpaka likohoe na kuitikia, tukarudi nyumbani tunanuka petroli na kujiona watu wakubwa. Vijana wa leo wanawasha gari kwa kidole kimoja, na bado wanachelewa kanisani.

Lilikuwa la kijani. Si kijani cha chupa wala cha jeshi. Kijani cha jani la mgomba linapokunjuka, likiwa bado laini na lina unyevu. Asubuhi za ukungu, wakati mlima ulikuwa umejificha na hata choo hakionekani kutoka mlangoni, nilitoka nje na kikombe changu cha uji nikalitafuta kwa macho. Kwanza ulikuwa weupe tu, kisha kivuli, kisha ile rangi ikaja polepole kama inayotoka usingizini. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri hivyo tena.

Siku za Jumamosi tulikwenda Mukurweini kwa shosho, mama yake baba. Boma lake lilikuwa juu ya mgongo mmoja wa ardhi, na barabara ilishukia mgongo wa pili, ng'ambo ya mto. Kutoka uani kwake ungeliona gari likiteremka ubavu ubavu, likipotea kwenye migomba, likitokea kwenye mibuni, mpaka limezwe na daraja. Magari yalikuwa machache, na la kijani lilikuwa moja. Shosho akiiona tu ile rangi, aliingia jikoni na kuweka sufuria. Tulipomaliza kupanda upande wake, moshi ulikuwa umeshatoka kwenye paa na chai iko tayari, nzito, yenye maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa asubuhi hiyo, pamoja na nduma na ndizi za kuchemsha zilizopasuka ngozi. Baba akifika daraja alituuliza, "Moshi uko?" Tukiitikia kwamba uko, alianza kuimba.

Halafu Jumamosi moja moshi haukuwepo.

Shosho tulimkuta amekaa uani, uso kwenye barabara, akipukuchua mahindi. Alishtuka tulipofika. Alisema lazima alikuwa amesinzia. Baba alicheka, akasema hakuna neno, lakini tukirudi nyumbani hakuimba. Karibu na mji akasema amejua tatizo. Tatizo ni boneti.

Na kweli boneti ilikuwa aibu. Wakati wa baridi mama alikuwa na desturi, na najua haikuwa yake peke yake, ya kuanika njahi, yale maharagwe yetu meusi, juu ya boneti gari likitoka safari, kwa sababu mwezi wa saba bati lile ndilo lilikuwa mahali pekee penye joto katika boma zima. Kuku nao walijua. Walipanda wakadonoa njahi na rangi pamoja, kucha zikachora, kutu ikaingia kwenye mikwaruzo, na pole pole boneti ikawa ya kahawia. Baba akasema mama yake anaona gari la kahawia likishuka, anadhani ni mtu mwingine. Ataipaka upya mwenyewe, pale nyumbani, na rangi ile ile ya kiwandani. Mama alikwenda kutafuta mahali pengine pa kuanikia njahi.

Jamani, ile kazi! Wiki nzima nyumba ilinuka thina ya kuyeyushia rangi. Tulisugua boneti kwa msasa na maji baridi mpaka vidole vikakosa hisia, tukishindana nani atafikia bati jeupe kwanza. Baba alitaka kupulizia rangi kwa pampu ya dawa ya kahawa, na mama alisimama mbele ya ile pampu akasema apite juu yake kwanza. Ikabidi aazime mashine ya fundi wa mjini. Namba ya rangi ilikuwa imegongwa kwenye kibati kando ya injini, na mwenye duka aliichanganya kwa namba hiyo, lakini baba alipoiweka karibu na mlango, ilikuwa nzito mno. Gari letu lilikuwa limekula jua la miaka mingi, rangi ya kiwandani ilikuwa imebaki kwenye kibati tu. Basi akaanza kuongeza nyeupe kwa kijiko cha chai, tone baada ya tone, anakoroga, anapaka kidogo, anarudi nyuma hatua chache, anakunja jicho. Sote tuliitwa kushuhudia, na jirani pia. Tukakubaliana kwamba sasa imeshika, huwezi kusema hapa ni mpya na pale ni ya zamani.

Ila tulikubaliana ndani ya ukungu. Jua hatukuwa tumeliona tangu mwezi wa saba uanze. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwenye ukungu wa Nyeri hata ng'ombe wawili wa rangi mbalimbali hufanana.

Jumamosi iliyofuata tuliteremka Mukurweini, na huko chini jua lilikuwa linawaka. Ukungu ulipoachia, sote tuliikodolea macho boneti. Milango ilikuwa jani la mgomba. Boneti ilikuwa imeelekea kwenye samawati, kama imetoka gari lingine kabisa. Baba alisimamisha gari barabarani, akatoka, akaiangalia, akarudi ndani. Tukaendelea kushuka. Alipofika daraja hakuuliza kuhusu moshi. Haukuwepo.

Shosho alikuwa pale pale uani, uso kwenye barabara. Gari liliingia mpaka karibu na miguu yake ndipo akainua kichwa.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama."

Shosho alimwita baba yangu "Baba", kwa sababu baba alibeba jina la baba mzazi wa shosho, kama ilivyo kwetu. Alinyoosha mkono mpaka akampata. "Nimekaa hapa tangu asubuhi nikiangalia barabara, Baba," akasema. "Sikukuona."

Nilimtazama baba. Nilikuwa mdogo, lakini niliona anavyoyachungulia macho ya mama yake.

"Ni rangi, Mama," akasema. "Nilikosea rangi."

Basi uso wa shosho ulifunguka, mimi nikauona. Alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaanza kumkaripia vizuri sana. "Na mbona hukuniuliza? Hiyo gari mimi ndio naijua. Wewe ukiwa ndani yake unaona rangi gani?" Alicheka peke yake mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akaenda kuweka chai.

Tukirudi, wenzangu walilala. Mimi nilifumba macho tu, nikisikiliza gari likipanda. Mama akasema taratibu, "Baba Njeri, kutoka pale kwa mama boneti haionekani. Ni milango inaonekana. Na milango hukuigusa."

"Najua," baba akajibu.

Siku hizi mzee anapelekwa hospitali, anatolewa ukungu kwenye jicho, na mchana amerudi anakula githeri. Shosho alikuwa amekataa zamani, akisema hakuna chuma kitakachoingia kwenye jicho lake akiwa hai, na akisema hapana ilikuwa hapana.

Mwezi wa nane jua lilipochangamka, baba alikwenda tena na makopo yake na ile mashine ya kuazima. Alipaka mistari ya kijani kwenye kipande cha bati, mmoja mzito, mmoja uliolingana na milango kabisa, na mwingine wenye samawati hata kuliko ile boneti tuliyoiona aibu. Akaliweka lile bati kwenye mapaja ya mama yake na kumwomba achague. Shosho hakuharakisha. Aliinama mpaka pua ikakaribia bati, akalielekeza kwenye jua, akageuza huku na huku, akagusa rangi iliyokauka kwa kucha. Tulikuwa tumemzunguka, hata kuku walionekana kungoja. Kidole chake kikapita ule uliolingana na milango, kikaenda kikatulia kwenye samawati.

"Hii," akasema. "Hii ndio yenyewe."

Mama alimwangalia baba. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo, na mama akanibana bega.

"Ndio hiyo, Mama," baba akasema.

Akaipaka hapo hapo uani. Shosho alikaa kwenye kigoda akifukuza kuku kwa ufito na kumwelekeza apite tena kwenye pembe, na baba akaitikia, ndio Mama, ndio Mama. Jua lilikuwa linapenya kwenye migomba, na ule unga mwepesi wa rangi ulielea hewani juu yetu sote, ukatua kwenye nywele za shosho. Hakuna aliyemwambia.

Tulizunguka na boneti ile mpaka gari likauzwa. Majengo walitucheka, watoto wa shule walituuliza kama tumepiga kiraka. Baba aliwajibu kwamba hiyo ni rangi ya kiwandani. Na Mukurweini, shosho aliwatangazia watu wote wa kanisa lake kwamba gari ya mwanawe aliichagulia yeye rangi. Moshi ukarudi. Mama aligundua baadaye kutoka kwa jirani yake kwamba shosho sasa alikuwa anaweka chai kila Jumamosi, tuje tusije.

Leo magari yote ni meupe au ya fedha, na hakuna anayemjua mtu kwa rangi. Watoto wangu wakija kuniona wananipigia simu wakifika Kenol, nami naweka sufuria kwa kuhesabia foleni ya barabarani. Mwezi uliopita kijana wangu aliipaka boneti ya gari lake hapa kwangu. Rangi iliagizwa kwa simu, ikachanganywa na mashine inayosoma mlango, ikaja kwenye kopo la kupulizia. Asubuhi moja tu kazi ikaisha, hata thina sikuinusa. Akanishika mkono, akanisimamisha mbele ya gari juani, akasema, "Mathe, angalia vizuri. Unaona mahali rangi mpya inaanzia?"

Niliangalia kwa muda. Nikamwambia sioni.

Alifurahi sana, akapiga picha akawatumia wenzake. Sikumwambia kwamba hata namba ya gari sikuwa naiona.