Supu Isiyo na Kitu cha Kutafuna

Kwa miaka thelathini na minne Ouida Doucet alipika katika jiko la shule ya Belle Anse, kusini mwa Louisiana, na ukitaka kuiona kazi yake nenda kanisani Jumapili ukasikilize mabenchi yanavyolia. Nusu ya mji ule ameunenepesha yeye kwa mikono yake miwili. Hakuwahi kuona aibu. Alikuwa akisema mtoto aliyeshiba hachomi shule moto, na kwa kweli katika miaka yote hiyo shule iliungua mara moja tu, tena kwa mafuta yake mwenyewe ya kukaangia kuku.

Mwanawe Dale alifariki akiwa na miaka thelathini na minane, kitini mbele ya televisheni, sahani juu ya tumbo. Sahani ilikuwa tupu, na msibani Ouida alilisema hilo kama sifa ya marehemu. Jeneza lilibebwa na wanaume kumi, wakasimama njiani mara mbili kuvuta pumzi, hata padri akafupisha sala kwa kuwaonea huruma. Mama wa mtoto wa Dale alikuwa ameshaolewa kwingine, huko Texas, kwa hiyo Ouida akabaki na mjukuu, Landry, akamlea kwa njia pekee aliyoijua.

Alipotimiza miaka kumi na sita, Landry alikuwa na uzito wa pauni mia tatu themanini na sita. Kocha wa timu ya shule ya futiboli ya Kimarekani alimsimamisha mstari wa mbele kama ukuta, na mji mzima ukampenda kila Ijumaa ya mechi. Lakini ukuta wenyewe ulikuwa na kisukari, magoti yalikuwa yamekwisha, na usiku ulisahau kupumua. Madaktari wa mjini wakasema dawa ni kulikata tumbo, libaki jembamba kama ndizi.

"Na kile kipande kingine mnakifanya nini?" Ouida aliuliza.

"Tunakitupa, mama."

"Mnatupa! Sisi tumbo la nguruwe tunalijaza nyama na viungo, tunalishona, tunalioka."

"Bibi," Landry akasema, "nakuomba."

Kulikuwa na sharti. Wiki mbili kabla ya upasuaji hakuna kula. Ni vinywaji vya unga na supu nyepesi tu, ili ini lisinyae, maana ini hukaa juu ya tumbo, na likijaa mafuta daktari hapiti. Siku ya kumi angepimwa. Kama uzito haujashuka, tarehe inafutwa, na nafasi nyingine ni baada ya miezi minane.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Landry aliuliza, "Baba alianza kukoroma hivi akiwa na miaka mingapi?"

"Angalia barabara," Ouida akasema, ingawa aliyekuwa akiendesha ni yeye.

Sasa, kule Belle Anse mtu akienda kupasuliwa huletewa chakula. Hata kama anapasuliwa kwa sababu ya hicho hicho chakula. Ni desturi, na desturi haina akili. Kufikia siku ya pili meza ilikuwa imejaa, jokofu limejaa, na juu ya mashine ya kufulia kulikuwa na pai tatu za viazi vitamu. Jirani yake, Claudette, alikuja na sufuria ya wali wa maini ambayo ilihitaji mikono miwili na mwendo wa bata.

"Claudette, mtoto haruhusiwi kula."

"Nani kasema ale leo? Atakula akishapona."

"Akishapona ndiyo kabisa hatakula!"

"Basi kula wewe, mama. Na sufuria yangu usinirudishie na kitu ndani, utanitia nuksi."

Kocha Trosclair naye alileta paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Akavua kofia, macho yakamlengalenga.

"Landry, baba, tunakuombea. Ila si lazima zote ziondoke, au siyo? Tubakizie hata pauni mia tatu. Msimu unaanza Septemba."

"Kocha, tafuta ng'ombe," Ouida akamjibu.

Ouida angeweza kuwafukuza wote na masufuria yao. Hakuweza. Kukataa chakula cha mtu mlangoni ni sawa na kumtemea mate, na yeye alikuwa amezeeka bila kumtemea mtu isipokuwa marehemu mumewe. Akapokea kila kitu, na mtoto akakaa katikati ya harufu ile akinyonya kinywaji chake kwa mrija.

"Kina ladha gani?"

"Chaki, Bibi. Chaki iliyotiwa chokoleti."

Usiku ule Ouida hakulala vizuri. Asubuhi alichukua ile karatasi ya hospitali akaisoma upya, kama mtu anayetafuta tundu kwenye uzio. Akalipata. Imeandikwa: supu nyepesi, isiyo na kitu cha kutafuna. Haya. Akakaanga unga kwenye mafuta, akiukoroga bila kuacha hadi ukawa mweusi kama kahawa, akatia vitunguu, pilipili hoho, kuku mzima na soseji za moshi, akachemsha gumbo, ule mchuzi mzito wa kwao, kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha akaichuja kwa kitambaa safi mara tatu, hakikubaki hata kipande cha kitunguu. Mbwa wa Claudette akapata makapi, akaamini Mungu yupo.

"Supu," alisema, akamwekea Landry kikombe mbele.

Landry alinusa. Akamtazama bibi yake muda mrefu kidogo.

"Supu nyepesi?"

"Unaona cha kutafuna humo? Kunywa."

Akanywa. Vikombe vitatu kwa siku, kila siku, na Ouida akiwa amekaa mkabala naye, kidevu mkononi, roho imetulia. Moyoni alijua. Mpishi wa miaka thelathini na minne hawezi asijue mafuta yanakwenda wapi yakichujwa. Yanapita. Lakini alijiambia sheria ni sheria, na sheria ilizungumzia kutafuna.

Siku ya kumi wakaenda. Mtaalamu wa lishe, Bi Hargrove, alikuwa mwembamba kama kijiti cha meno, jambo ambalo Ouida hakumsamehe tangu siku ya kwanza. Landry akapanda mizani. Mia tatu themanini na nane. Alikuwa ameongezeka pauni mbili.

Bi Hargrove aliitazama karatasi, kisha akamtazama mtoto.

"Landry, sikugombezi. Niambie tu umekula nini."

"Sijala."

"Mizani haina ugomvi na wewe."

Masikio ya Landry yakawa mekundu. Akatazama viatu vyake, au mahali ambapo viatu vyake vilipaswa kuwa.

"Haya. Nilikula paja la nguruwe. Alilileta Kocha. Nilijificha nikalimaliza."

"Lote?"

"Lote."

"Unajua maana yake? Lazima niifute tarehe."

"Najua."

Bi Hargrove akashika kalamu. Ouida alijua paja lile liko jokofuni, halijaguswa hata kwa kisu, na kamba ya duka bado imelifunga. Mtoto alikuwa anaitoa tarehe yake, magoti yake na pumzi zake, ili bibi yake asiaibike mbele ya kijiti cha meno. Mficha maradhi kilio humfichua, na Ouida alikuwa amekwisha kusikia kilio kimoja ndani ya nyumba ile.

"Anadanganya," alisema. "Weka kalamu chini. Ni mimi."

"Bibi, acha."

"Nyamaza wewe. Ni supu yangu. Nilipika gumbo nikaichuja. Hakuna cha kutafuna, nenda kaangalie."

"Gumbo," Bi Hargrove alirudia. "Yenye unga wa kukaanga? Mafuta kiasi gani?"

"Vikombe viwili." Ouida alitaka kuishia hapo, lakini mpishi aliyekuwa ndani yake akamshinda. "Na nusu. Bila hiyo nusu haishiki."

Bi Hargrove alifumba macho. Akatoka nje, akapiga simu kwa daktari, na aliporudi alikuwa na jibu: wanaongezewa wiki moja. Mtoto anywe vile vinywaji vya unga na supu ya pakiti ya hospitali tu, apimwe tena, na asiposhuka hakuna mjadala.

"Na wewe, mama, usiguse sufuria."

"Hata ya kuchemshia yai?"

"Hata ya kuoshea mikono."

Gari lao likafika kwenye mashamba ya miwa.

"Ulijua?" Ouida akauliza.

"Bibi, gumbo yako nimeanza kuila kabla sijaota meno. Nisiijue kwa sababu umeipitisha kwenye kitambaa?"

"Sasa ulikunywa ya nini, mtoto mjinga wewe?"

Landry aligeukia dirishani. "Ulikuwa umekaa unanitazama. Ulikuwa na furaha." Kisha akasema taratibu, "Baba aliniambia. Kwamba akikataa kuongezewa unanuna siku mbili. Kwa hiyo alikuwa anamaliza."

Ouida alisimamisha gari kando ya barabara. Alilia kilio kibaya, cha kamasi na kwikwi, akajitukana kwa matusi ambayo Landry hakujua kama bibi yake anayajua. Aliyelikoroga alikuwa yeye, lakini waliolinywa walikuwa hao wawili, mmoja yuko kaburini na mwingine anampa kitambaa cha kujifutia pua. Miaka yote aliona sahani tupu akadhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Wiki ile alirudisha kila sahani kwa mwenyewe, na vyakula ndani, nuksi zikawapate wote. Claudette hakusema naye hadi Alhamisi. Ouida alikunywa chaki pamoja na mjukuu wake asubuhi, mchana na jioni, akapungua pauni sita na adabu zote. Landry alipungua kumi na nne. Bi Hargrove aliandika namba ile, kisha akampigia Ouida saluti, na Ouida akamsamehe wembamba wake kwa muda.

Walimpasua Jumanne. Daktari alitoka baada ya saa moja na nusu akasema ini lilikuwa zuri, njia ilikuwa nyeupe, kazi imekwisha. Ouida akambusu mkono, kisha akamwambia yeye mwenyewe ale, amekonda.

Jioni muuguzi alimwachia kikombe kidogo cha plastiki, kile cha dawa ya kikohozi, kimejaa maji. Amnyweshe Landry kidogo kidogo kila robo saa. Ouida alikishika kwa vidole viwili, akamwekea mdomoni. Landry alimeza funda moja. Akameza la pili, akainua mkono.

"Basi, Bibi. Yanatosha."

Kikombe kilikuwa bado nusu. Mkono wa Ouida ulikwisha kurudi mdomoni kwa mtoto, na maneno "malizia tu haya" yalikwisha kufika kwenye meno. Akayameza. Akaweka kikombe mezani, kisha akakalia mikono yake yote miwili, maana hakuiamini.

Landry alimchungulia kwa jicho moja.

"Umenuna?"

"Sijanuna."

"Bibi."

"Nimenuna kidogo. Lala."