Daktari wa kwenye simu alisema nimvue mwanangu sweta, mama mkwe akagoma

Wakuu, salamu kwenu nyote. Naandika bado nina hasira, ila chumvi sitaongeza hata punje.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Doreen, ana mwaka na miezi miwili. Shule niliishia form four, sasa hivi nauza madera Kariakoo, duka la mama mkwe.

Sisi daktari wetu hatuna. Tunaye "dokta", yaani yule kaka wa duka la dawa kwenye kona ya kuelekea Gerezani. Unafika, unamtajia ugonjwa wewe mwenyewe, anakupa dawa. Mtaa mzima tunaishi hivyo.

Doreen akaanza kukohoa na homa juu. Dokta wetu hata kwenye kiti hakunyanyuka.

"Kifua hicho dada, vumbi la huku."

Akanipa syrup. Siku ya tatu mtoto hataki kunyonya, kalegea. Nikarudi, akanipa syrup nyingine ya rangi tofauti!!

Ndipo nikakumbuka app ya madaktari ambayo shoga yangu aliniwekea kwenye simu. Mchana kweupe, wateja wamejaa, nikajibanza na Doreen nyuma ya marobota ya dukani nikapiga video call. Akatokea daktari mmama, mtulivu.

"Shikamoo dokta. Mtoto ana kifua, naomba uniandikie dawa kali."

"Marahaba. Jina la ugonjwa niachie mimi. Wewe niambie unachokiona."

Wakuu, nilikuwa sijaangalia kitu! Ningeona nini? Mtoto kavaa sweta, kofia, soksi, na kitenge juu yake, joto la Dar hili hili. Mama mkwe ni wa Kilimanjaro, kwake mtoto mgonjwa anafunikwa mpaka puani.

"Mvue nione kifua," daktari akasema.

Mama mkwe akawaacha wateja, akaruka. "Usimvue! Upepo utamwingia! Huyo wa kwenye simu ndiye atakuja kukuzikia mtoto?"

"Mama, nisamehe. Mwanangu namvua."

Tangu niolewe sijawahi kumjibu hivyo.

Sweta lilipotoka nikaona. Kila akivuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu inazama ndani kama kuna mtu anaifyonza. Daktari akaniambia nihesabu pumzi, yeye anaangalia saa, dakika nzima. Huko nje spika za wauzaji zinapasua masikio. Nikapotea, nikaanza upya huku nalia.

Hamsini na nane.

"Mama, kwa umri wake hata arobaini ni nyingi. Hii si ya simu tena. Nenda hospitali sasa hivi. Na ukifika usiseme ana kifua. Sema ulichohesabu."

Nikadandia boda. Mapokezi, dada anachati, hata hajamtazama mtoto. "Kikohozi tu hicho, kaa kwenye foleni."

Nani akae? Nilipaza sauti benchi zote zikageuka.

"Dada, anapumua mara hamsini na nane kwa dakika na mbavu zinaingia ndani. Inuka umwangalie!"

Akainuka. Muda si mrefu Doreen yuko kwenye oksijeni. Nimonia.

Tulilazwa siku nne. Daktari wa wodi akasoma faili, akauliza, "Nani alihesabu hizi pumzi?"

"Mimi."

"Umemuwahi mtoto, mama."

Acheni nijisifu, nimestahili.

Mama mkwe hajaomba msamaha, si mtu wa hivyo. Ila siku ya pili alikuja wodini, akamfunua Doreen kifua mwenyewe, akainama. Nikamsikia ananong'ona, "Kumi na nane, kumi na tisa..."

Nilichojifunza: daktari wa kwenye simu anaona kile tu unachomwonyesha. Mvue mtoto, hesabu, sema ulichoona. Na akikwambia nenda hospitali, nenda, usibishane.

Wenzangu msio na daktari wenu, mnafanyaje mtoto akiugua? Mwageni hapa, hata wa kunipinga waje.

Na wewe dokta wa kona, kama unasoma humu: Doreen ni mzima, anatembea. Siku nyingine nyanyuka kwenye kiti.