Maji Matatu na Kidonge Kimoja

Bi Mkunjo alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye meza ya pasi siku kidonge kilipomuumbua. Jina la Mkunjo alipewa na wenziwe pale kwa dobi, maana shuka ikitoka mkononi mwake ina mkunjo mmoja tu wa katikati, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mpelekee shuka yenye mikunjo miwili uone atakavyokutazama, kama mtu aliyeletewa mtoto wa watu bila nguo.

Na si dobi wa ndoo na kamba ya uani, msije mkadhani. Jumba zima la bati, na kazi yake ni shuka za hospitali na za nyumba za wageni. Mlangoni mashine nne za kufulia. Katikati matangi matatu ya saruji ya kusuuzia. Mwisho kabisa meza ndefu ya pasi na mashine ya mvuke inayopumua kama ng'ombe mgonjwa. Huko mwisho ndiko kwa Bi Mkunjo.

Kwenye matangi alikaa mzee mmoja wa viatu vya mpira, wakimwita Maji Matatu. Jina lake ndiyo kazi yake. Shuka kwake lazima ipite maji matatu, si mawili, hata siku bomba linapotoa maji kwa kukohoa. Na maji ya tatu yakiisha, anakamua ncha ya shuka, anaigusisha kwenye ulimi. Sabuni ikiwa imebaki, ulimi unajua. Wasichana wageni wa kazi walikuwa wakimcheka.

"Babu we, shuka ya wagonjwa hiyo unaramba!"

"Ya mgonjwa imeshafuliwa," anawajibu. "Midomo yenu ninyi ataifua nani?"

Yeye na Bi Mkunjo waliitana shemeji, kwa kuwa marehemu mkewe alikuwa shoga wa Bi Mkunjo tangu usichana. Chai ya saa nne walikunywa benchi moja. Kwa miaka yote hiyo Bi Mkunjo hakuwahi kuuliza shuka imesuuzwaje. Ikishatoka kwa shemeji, imetoka.

Sasa ndipo yakaja ya damu. Bi Mkunjo alipimwa, akaambiwa mafuta yamejaa kwenye mishipa, hiyo kolesteroli wanayoisema.

"Mafuta? Mimi?" akashangaa. "Mwembamba kama msumari, hayo mafuta yamejificha wapi?"

Lakini karatasi ilisema yapo. Akapewa vidonge vya kwanza, vikamkaza misuli mpaka ngazi mbili za mlangoni kwake akawa anapanda ameshika ukuta. Akarudi. Dokta, kijana wa viatu vya kung'aa, hakumtazama usoni hata mara moja. Alikuwa akiitazama karatasi, utadhani karatasi ndiyo inayoumwa.

"Tutakubadilishia. Hii inaitwa niasini. Kimoja kila siku."

"Cha asubuhi au cha jioni, dokta?"

"Kimoja kila siku, mama. Anayefuata!"

Mmeona hapo? Mtu kauliza. Kafungua mdomo wake kauliza, tena swali la maana. Kajibiwa anayefuata. Kwenye dirisha la dawa nako kapewa kimfuko kimeandikwa kwa kalamu, kimoja mara moja, basi. Hata mtu anayeuza sumu ya panya hukuambia usiiweke karibu na unga.

Basi akaamua mwenyewe. Akaona dawa imezwe asubuhi, tumbo tupu, ikute njia nyeupe. Na isimezwe na maji baridi, imezwe na chai ya moto, imshuke vizuri. Akili ya mtu aliyeachwa peke yake na kimfuko.

Jumatatu akameza, akafunga mlango, akatembea hadi kazini. Alikuwa ameshika shuka ya nne au ya tano moto ulipomwanza masikioni. Ukashuka shingoni, kifuani, mikononi, hadi ncha za vidole. Si joto la pasi, la pasi analijua kama anavyomjua mwanawe. Hili lilikuwa kama kavishwa gauni la upupu. Anawasha, anawaka, moyo unadunda, na hakuna pa kujikunia kwa sababu pote panawasha. Likamshika kama saa nzima, kisha likaondoka lenyewe.

Akatazama mikononi akaona nini? Shuka. Na Jumatatu ileile msimamizi alikuwa ameleta sabuni mpya ya unga, magunia yasiyo na jina, ya rahisi, inayonusa kama dawa ya choo. Mtu wa pasi akiwashwa mikono, atafikiri nini kingine? Sabuni haikutoka. Shuka haikusuuzwa.

Siku ya kwanza akanyamaza. Ya pili akameza mate. Ya tatu akaita mbele ya watu wote, kwa sauti ya kushinda mashine.

"Shemeji! Umesuuza maji mangapi?"

Matangini mikono ikasimama majini. Hata aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa nguo alisimama.

"Unaniuliza nini, shemeji?"

"Maji mangapi. Mwili unaniwaka moto siku ya tatu leo."

"Matatu."

"Matatu ya leo, au matatu ya zamani ulipokuwa na nguvu?"

Watu wakacheka. Ndiyo tabia ya watu, hucheka kwanza kisha wakaulizana wamecheka nini. Mzee hakucheka. Alikamua ncha ya shuka, akairamba mbele yao, akasema, "Haina kitu." Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na ulimi hauna mfupa.

Msimamizi akaja na funguo zake zinalia kiunoni. Huyu siku nyingi alikuwa akitafuta njia ya kumtoa mzee. Alitaka shuka zisuuzwe maji mawili, kazi iende mbio, na mzee alikuwa amekataa kama punda aliyeota mizizi. Leo huyo wa maji mawili ndiye anamshtaki mtu kwa kutosuuza! Unafiki una sura nyingi, lakini huu ulikuja na funguo.

"Onja mwenyewe," mzee akamwambia, akamnyooshea shuka.

"Mimi nirambe shuka, mzee? Nenda nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita. Mwisho wa wiki nisipokuita, ujue nimepata mwingine."

Mzee akavua viatu vya mpira, akavishika mkononi kama mtu anayetoka shambani, akapita mbele ya meza ya pasi kwenda mlango wa nyuma. Bi Mkunjo alikuwa anajikuna shingo. Hakusema kitu. Na hilo la kunyamaza ndilo baya kuliko la kusema, mtu asimtetee.

Kesho yake akasuuza mwingine, maji mawili ya haraka. Bi Mkunjo akawaka vilevile. Akajiambia ni shuka za mzee zilizobaki kabatini. Mtu akishatupa jiwe hulitafutia sababu.

Ijumaa ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Akaamka, akameza kidonge, akanywa chai, akakaa barazani na kijigauni chake cha zamani alichokifua kwa mkono wake mwenyewe. Hana pasi, hana shuka, hana shemeji. Robo saa haijaisha, masikio yakawaka.

Binti yake akatoka na ufagio. "Mama! Mbona viganja vimekuwa vyekundu hivyo? Umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

"Umekula nini?"

"Sijala. Nimemeza dawa tu."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuka kukitazama kile kimfuko juu ya meza, kimejilaza pale kama paka aliyekula nyama ya wenyewe. Binti akahesabu kwa vidole. Kidonge kimeanza Jumatatu. Moto umeanza Jumatatu.

"Na sabuni je?" mama akauliza, anajitetea.

"Mama, sabuni imekufuata mpaka barazani?"

Bi Mkunjo akafunika uso kwa viganja vile vyekundu. Hakuwa anaona dawa. Alikuwa anaona viatu vya mpira vimening'inia mkononi.

Akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa dokta mbio. Hakungoja zamu. Waliokuwa kwenye foleni walisonya, akawasonya pia, akaingia.

"Dokta, kidonge chako kinaniunguza."

"Aa, hiyo ni kawaida, mama. Niasini hiyo. Mishipa ya ngozi inapanuka, damu inakimbilia huko. Wengi huwaka. Inapita."

"Ulikuwa unajua?"

"Jambo linajulikana hilo."

"Linajulikana na nani? Mimi ndiye niliyekuwa nawaka, mbona silijui?"

"Hukuuliza, mama."

"Niliuliza cha asubuhi au cha jioni. Ukamwita anayefuata."

Ndipo kijana akainua macho. Akamwambia sasa: kimezwe jioni kabla ya kulala, baada ya chakula, si tumbo tupu. Na maji baridi, si chai ya moto, maana chai ya moto inauchochea. Tena dozi ilitakiwa ianze ndogo ipandishwe polepole, kwa hiyo kuanzia kesho ameze nusu, na arudi apimwe damu na ini. Yote hayo yalichukua muda wa kufunga kamba za vile viatu vyake vya kung'aa. Muda huo ndio aliokuwa amembania.

"Mwanangu," Bi Mkunjo akamwambia, "mtu kafukuzwa kazi kwa maneno hayo uliyoyaweka mfukoni."

"Pole, mama. Foleni ni ndefu, unaiona."

Foleni! Kosa likiwa lao, mwenye kosa ni foleni.

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kazini, akamweleza msimamizi. Msimamizi akacheza na funguo.

"Mama, mambo ya vidonge vyako mimi siyajui. Mzee keshaondoka. Kesho Jumamosi anakuja wa kuandikwa."

"Nakwambia shuka hazikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekosa."

"Jumatano ulisema zina sabuni, leo unasema hazina. Nikuamini wewe wa lini?"

Hapo alimpata. Ulimi uliomfukuza mzee sasa ulikuwa hauaminiki kumrudisha. Bi Mkunjo akarudi nyumbani, hakula hata tonge, akamwambia binti yake, "Kesho nitameza mara ya mwisho kile kizima. Lakini nitamezea huko."

Jumamosi asubuhi akaingia na chupa ya chai na kidonge kwenye fundo la leso. Hakwenda mezani. Alikwenda bombani, akanawa mikono hadi viwikoni, akajifuta kwa leso yake mwenyewe, akakaa benchi la mlangoni, mbali na kila kitambaa, mikono wazi magotini.

"Zimeni mashine," akasema. "Njooni mtazame."

Wakazizima. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuwaamuru kitu. Akameza kidonge, akashushia chai ya moto, akatulia. Msimamizi akatoka na saa yake.

"Dakika tano hizo, mama. Gari la hospitali linakuja saa saba."

"Ngoja. Haraka zako ndizo zilizotufikisha hapa."

Kumi zikapita. Wasichana wakaanza kukonyezana. Ya kumi na tano masikio yakabadilika. Kisha shingo ikatoka vipele, kifua kikapanda na kushuka, viganja vikawa vyekundu kama vimekamua nyanya. Hakujikuna. Alikaa mikono juu ya magoti, machozi yanamtoka kwa mwasho, meno kayauma.

"Bi Mkunjo, jikune basi!" msichana mmoja akalia.

"Sijikuni. Mseme kwanza. Nimegusa shuka gani?"

"Hujagusa."

"Sabuni je?"

"Hujagusa!"

Akamgeukia msimamizi. "Haya. Mfukuze na benchi."

Msimamizi akasema sawa, kaona, sasa mashine ziwashwe. Hakuna aliyewasha. Wale wale waliocheka Jumatano walikaa juu ya mafurushi ya nguo, wakakunja mikono. Ilipogonga saa tano, mtu wa funguo akampigia mzee simu yeye mwenyewe, tena kwa sauti ya kubembeleza.

Mzee akaja, viatu mkononi. Akampita Bi Mkunjo kama anavyopita nguzo.

Bi Mkunjo akasimama. "Shemeji, nimekukosea. Nilikupaka matope mbele za watu."

"Umenikosea," mzee akasema, na hakuongeza neno. Akavaa viatu, akaingia kwenye matangi. Bi Mkunjo akarudi kwenye meza yake, mzee akasuuza shuka ya kwanza. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akakamua ncha, lakini hakuipeleka ulimini kwake. Aliibeba ile shuka inadondosha maji sakafuni, akavuka jumba mpaka kwenye meza ya pasi, akamnyooshea Bi Mkunjo usoni.

"Onja."

Bi Mkunjo akatazama huku na huku. Hakuna aliyeinama kumwepushia aibu. Akatoa ulimi, akaonja.

"Ina sabuni?"

"Haina."

"Wanasikia?"

"Haina sabuni!" akaita, kwa sauti ileile ya Jumatano.

Mzee akarudi kwenye matangi yake. Maji mawili hakuna aliyeyataja tena.

Wapo wanaosema mzee kazidisha, yaishe sasa. Hao hawajawahi kuulizwa kazi yao ya maisha kwa dhihaka mbele ya watu wanaocheka. Bi Mkunjo mwenyewe halalamiki. Nusu kidonge chake anameza jioni, kashiba, kwa maji ya mtungini, na ule moto siku hizi humpitia tu kama jirani anayesalimia dirishani. Mafuta yameanza kushuka, karatasi imesema. Dokta wa viatu vya kung'aa bado anaita anayefuata, na vimfuko bado vinaandikwa kimoja mara moja. Yeye hakuna aliyewahi kumpelekea kitu aonje.

Chai ya saa nne mzee anakunywa amesimama. Lakini kila asubuhi, kabla pasi haijashika moto, anavuka jumba na ncha ya shuka ya kwanza. Hasemi tena onja. Anainyoosha tu. Bi Mkunjo anaonja, anasema, "Haina, shemeji," ndipo anawasha mvuke.